Mita Kumi na Tano za Shaba

Bomba nililinunua kwa muuza vyuma chakavu, Port Talbot,
limepindapinda kama matumbo ya mbuzi.
Idwal, jirani yangu wa ukuta mmoja,
aliligonga kwa ukucha, akatega sikio, akasema:
"Zima. Halina ufa."
Miaka thelathini na moja alichomelea vyuma kiwandani.
Watu hawasikii vizuri tena. Shaba anaisikia.

Tulilijaza mchanga kwanza,
mchanga mkavu wa ufuko wa Aberavon
niliouchekecha kwa chekecheo la mama la unga
(hilo naomba lisifike jikoni),
maana bomba tupu ukilipinda hukunjika,
lililoshiba hutii.
Tukalizungusha juu ya mtungi wa gesi,
yeye akivuta, mimi nikizunguka,
raundi ishirini na tatu,
kila mtu akihesabu kwa lugha yake,
na hesabu ikatoka moja.

Pipa tulipewa na klabu ya raga. Lilikuwa la bia.
Nililiosha mara saba, mara moja kwa mchanga uleule,
nikaliegemeza uani, mdomo juu, likauke.
Mama akalizunguka na fimbo yake.
"Hili lilikuwa la nini?"
Nikatazama mawingu.
Akainama, akanusa, akanitazama mimi.
"Maji hayana kinyongo," akasema, "yapitapo husafisha,"
akarudi ndani kwenye soksi zake mbili-mbili.

Sasa sikiliza linavyofanya kazi.
Juu ya paa kuna rejeta mbili nyeusi
chini ya kioo cha mlango wa duka lililofungwa.
Humo huzunguka maji ya kijani, yenye dawa ya kuzuia barafu,
hushuka na moto wao, huingia koili kwa juu.
Maji ya kuoga huingia pipani kwa chini,
yana baridi ya mlima yalikotoka.
Yanapishana. Hayaonani.
Kati yao shaba, unene wa ukucha,
na joto peke yake ndilo lenye ruhusa ya kuvuka.

Nilimwambia Idwal hivyohivyo.
"Usinigeuzie bomba kuwa shairi, Baruki. Kaza nati."
(Mimi ni Mbarouk. Nimeshachoka kumsahihisha;
na mimi jina la mtaa wake silitamki mpaka leo.)

Jaribio la kwanza lilivuja.
Tundu la kuingia unywele, kwenye kiungo nilicholehemu mimi,
na asubuhi maji ya pipa yalikuwa rangi ya kisamvu cha juzi.
Tulimwaga yote. Mvua ikatusaidia kumwaga.
Idwal hakunilaumu. Alinipa msasa, kisha moto.
"Iunguze shaba, usiiunguze lehemu.
Shaba ikiwa tayari, lehemu itakuja yenyewe."
Ikaja. Ikazunguka kiungo kama pete,
ikang'aa, ikatulia, ikawa kijivu.

Tukalivika pipa sufi ya kondoo, tukalifunga kamba,
likakaa darini kama bibi harusi mnene.

Machi, siku ya jua la saa nne tu,
kipimajoto kilisoma thelathini na nne jioni.
Sikulala vizuri.
Alfajiri nilisikia fimbo ya mama kwenye korido,
mlango wa bafu, bomba kufunguliwa.
Miaka sita katika nyumba hii,
kila alfajiri maji yakigusa viwiko vyake
huvuta pumzi kwa meno, huita, "Yaa Latifu!"
na mimi chini ya blanketi huona haya.
Nikaisubiri pumzi ile.
Mikono. Kinywa. Pua. Uso.
Viwiko.
Maji tu yalikuwa yakisema, jua la jana likimtiririka vidoleni,
kisha bomba likafungwa,
mkeka ukakung'utwa.

Saa moja Idwal alikuwa mlangoni, kofia mkononi.
"Ngapi?"
"Ishirini na nane."
Akafikiri.
"Kidogo. Tuongeze sufi."